Steady Rollin' Man ya Robert Lockwood Jr.: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapompigia mtu santuri hii kwa mara ya kwanza, maswali huwa yale yale. Huyu mzee ni nani? Kama ni fundi hivi, mbona albamu yake ya kwanza imekuja akiwa na miaka 55? Na mbona hajioneshi? Nimeyakusanya hapa, nikianza na ya anayeanza kabisa hadi ya wale wanaobishana kuhusu tarehe na majina. Pale ambapo jibu liko kwenye swali jingine, nimekuelekeza huko.

## Ya kuanzia

1. Hii ni albamu gani?

Ni albamu ya kwanza ya Robert Lockwood Jr., mpiga gitaa wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi), akiwa kiongozi wa bendi. Ilirekodiwa Chicago mwaka 1970 na kampuni ya Delmark. Waliopiga ni wanne tu: Lockwood mwenyewe kwa sauti na gitaa, Louis Myers kwa gitaa la pili, Dave Myers kwa besi, na Fred Below kwa dramu. Hao watatu wa mwisho walijulikana pamoja kama The Aces (swali la 8).

Hakuna piano wala harmonika. Kwa mtu aliyepiga gitaa nyuma ya wapuliza harmonika kwa karibu miaka 20, hilo ni jambo la kuliangalia. Safari hii hakuna aliyesimama mbele yake.

2. Lockwood alikuwa nani kabla ya hapo?

Alizaliwa tarehe 27 Machi 1915 Turkey Scratch, kitongoji cha mashambani karibu na mji wa Helena, jimbo la Arkansas, upande wa magharibi wa mto Mississippi. Akiwa na miaka 8 alikuwa tayari anabonyeza kinanda cha kanisani. Baadaye akahamia kwenye gitaa, na sababu ya kuhama iliingia nyumbani kwao kwa miguu yake (swali la 4).

Kwa wapenzi wa bluzi, kabla ya 1970 alikuwa mtu unayemsikia bila kumjua jina. Ukiwa na santuri za Chicago za miaka ya 1950, huenda unaye nyumbani kwako tayari.

3. Sijui chochote kuhusu bluzi. Nitaielewa albamu hii?

Utaielewa. Nyimbo nyingi za bluzi huzunguka kwenye baa 12, yaani vipande 12 vya mapigo manne manne: mwimbaji anaimba mstari, anaurudia, kisha analeta mstari wa tatu unaoufunga. Mzunguko ukiisha, unaanza tena. Kila mstari huacha nafasi mwishoni, na nafasi hiyo ni ya chombo kuitikia, kama kiitikio kinavyompokea mwimbaji wetu wa ngoma. Ukishika hapo tu, umeshika sehemu kubwa ya albamu hii, maana Lockwood ni bingwa wa kuitikia.

## Safari ya miaka 55

4. Ni kweli alikuwa mtoto wa kambo wa Robert Johnson?

Ndivyo anavyoelezwa kila mahali. Robert Johnson, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi aliyerekodi nyimbo 29 San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa Agosti 1938, alikuwa na uhusiano na Estella Coleman, mama yake Lockwood, na aliishi nao kwa vipindi. Kijana Lockwood alijifunza gitaa kwake, na mara nyingi hutajwa kuwa mtu pekee aliyefundishwa na Johnson ana kwa ana.

Lakini hesabu miaka kwanza. Johnson alizaliwa 1911 na Lockwood 1915. Walipishana chini ya miaka minne! "Baba wa kambo" linatupa picha ya mzee na mtoto, wakati hali yenyewe ilikuwa ya kaka mkubwa anayejua jambo na mdogo anayelitaka. Nafikiri hilo linaeleza kwa nini Lockwood hakubaki mnakili. Kaka unamuiga mpaka siku unapoanza kushindana naye.

Linalosikitisha ni kwamba kwa muda mrefu watu walimtafuta Lockwood ili wamuulize habari za Johnson, sio zake. Johnson alikufa akiwa na miaka 27. Lockwood aliishi miaka 91 na alijifunza mambo ambayo Johnson hakupata muda wa kuyasikia.

5. Mbona mahali pengine anaandikwa "Robert Jr. Lockwood"?

Ni mtu huyo huyo. Watu walizoea kumwita "Robert Junior" kwa sababu ya Robert mwingine, Johnson, ndiyo maana "Jr." huruka kutoka mwishoni na kukaa katikati. Ukitafuta santuri zake, tafuta kwa namna zote mbili, la sivyo utakosa nusu yake.

6. King Biscuit Time ilikuwa nini, na yeye alihusikaje?

Kilikuwa kipindi cha redio KFFA ya Helena, kilichoanza tarehe 21 Novemba 1941, na mdhamini wake alikuwa muuza unga wa ngano uitwao King Biscuit. Kila siku saa sita mchana, watu wakiwa wamepumzika kutoka mashambani, Sonny Boy Williamson wa pili (jina lake Rice Miller) alipuliza harmonika na kuimba, na Lockwood akapiga gitaa. Katikati ya nyimbo walitangaza unga, na mahali watakapopiga usiku ule.

Kwa eneo la Delta, yale mashamba ya kandokando ya mto Mississippi, lilikuwa jambo kubwa. Weusi waliwasikia weusi wenzao redioni, moja kwa moja, kila siku. Lockwood ni miongoni mwa watu wa kwanza kusikika wakipiga gitaa la umeme redioni katika eneo hilo, na vijana waliokuwa wakimsikiliza ni pamoja na B.B. King, nyota wa bluzi wa baadaye, ambaye walikuja kukutana Memphis. Unapoambiwa gitaa la bluzi la umeme lilizaliwa Chicago, kumbuka chakula cha mchana cha Helena.

Kuna sadfa moja ambayo sikuitegemea nilipoanza kulinganisha tarehe: Lockwood alifariki Cleveland tarehe 21 Novemba 2006, siku ile ile kipindi kilipotimiza miaka 65.

7. Alikuwa wapi miaka yote ile? Mbona alichelewa hivyo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina sehemu kadhaa.

Kwanza, hakuwa amekaa. Miaka ya 1950 alikuwa Chicago, akipiga gitaa kwenye vikao vya kurekodi vya kampuni ya Chess na tawi lake la Checker. Alikuwa katika bendi ya Little Walter, mwimbaji na mpuliza harmonika. Wimbo "My Babe" wa Walter, uliorekodiwa Januari 1955 na kufika namba moja kwenye orodha ya Marekani ya muziki wa ridhimu na bluzi, una gitaa la Lockwood. Sonny Boy alipohamia Chess, Lockwood alikuwa naye tena kwenye rekodi nyingi kuanzia 1956. Alipiga pia na wapiga piano kama Sunnyland Slim, Eddie Boyd na Otis Spann.

Sasa tazama kazi hiyo ilivyolipwa. Mpigaji aliitwa kwenye kikao, akapiga, akapewa ujira wake, akaenda nyumbani. Santuri ndogo ya wakati ule ilibeba jina la mwimbaji na la mtunzi, na jina la mpiga gitaa halikuandikwa popote. Wimbo ukipendwa nchi nzima, mnunuzi alimjua Little Walter. Aliyeushikilia wimbo usianguke hakumjua. Fundi wa namna hii ana tatizo la pekee: kadiri anavyoifanya kazi vizuri, ndivyo viongozi wanavyozidi kumtaka abaki nyuma yao.

Pili, mwaka 1961 hivi alihamia Cleveland, jimbo la Ohio, akifuatana na Sonny Boy. Mwenzake aliondoka, yeye akabaki. Alitulia na mkewe Annie na kuifanya Cleveland nyumbani kwake hadi kifo. Kwa maisha ulikuwa uamuzi mwema. Kwa biashara ya santuri alijitoa katikati ya mji uliokuwa na studio na kampuni.

Tatu, na hapa ndipo roho inaponiuma, miaka ya 1960 vijana wazungu wa Marekani na Uingereza walianza kuwatafuta wazee wa bluzi, lakini walikuwa na picha yao tayari: mzee wa shamba, gitaa la mbao lisilo na umeme, sauti ya huzuni. Lockwood alikuwa na nasaba bora kuliko wote, maana nani mwingine angeweza kusema "Johnson alilala nyumbani kwetu"? Ila alikuja na gitaa la umeme, na kodi za jazi mkononi, yaani zile sauti nne au tano zinazobanwa pamoja na kulainisha wimbo. Alimpenda mpiga gitaa wa jazi Charlie Christian na bendi za jazi za Count Basie. Hakuwa tayari kuvaa nguo za 1937 ili apewe jukwaa.

Mlango ulifunguka taratibu. Columbia ilitoa albamu ya nyimbo za Johnson mwaka 1961. Cream, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga wimbo wa Johnson mwaka 1968 na ukavuma, wenzao Rolling Stones wakafuata na mwingine mwaka 1969, na mwaka 1970 Columbia ikatoa juzuu ya pili. Jina la Johnson lilikuwa midomoni mwa watu wote, na yule aliyemjua alikuwa hai, mzima, anapiga gitaa Ohio. Mwaka huo huo Delmark walimrekodi.

## Ndani ya albamu

8. The Aces walikuwa kina nani, na kwa nini wao?

Kwangu mimi, nusu ya utamu wa albamu hii ni jibu la swali hili.

Louis na Dave Myers ni ndugu kutoka Byhalia, Mississippi. Fred Below ni mzaliwa wa Chicago, aliyesomea dramu na kulelewa kwenye jazi kabla ya kuingia bluzi. Watatu hao walianza na mpuliza harmonika Junior Wells, kisha mwaka 1952 Little Walter akawachukua, na wakabadilisha namna bendi ndogo ya bluzi inavyosikika: nyepesi, inayoruka, inayopumua. Dave alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga besi ya umeme katika bluzi za Chicago. Below ndiye aliyeufundisha mji mzima mdundo ule unaochechemea kidogo, wa mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, ambao hauachi kichwa chako kikae kimya.

Louis Myers alipoondoka kwa Walter mwaka 1954, aliyekuja kukalia kiti chake ni Robert Lockwood. Kwa hiyo mwaka 1970 wanakutana wapiga gitaa wawili waliofanya kazi ile ile, kwa bosi yule yule, kwa zamu. Kila mmoja anajua mwenzake ataacha nafasi wapi kabla hajaiacha. Na Below ndiye aliyepiga dramu kwenye "My Babe", Lockwood akiwa kwenye gitaa. Hawakuhitaji kufahamiana.

Kampuni ingeweza kumpa vijana wenye sauti kubwa, kama ilivyokuwa mtindo. Delmark walimpa watu wa rika lake waliokuwa wakizungumza lugha yake.

9. Nisikilize nini hasa? Mara ya kwanza nimeona gitaa zinachanganyika tu.

Vaa spika za masikioni na usikilize wimbo mmoja mara tatu.

Mara ya kwanza fuata dramu peke yake. Sikia Below anavyocheza na toasi, anavyoingia kidogo kabla ya mwisho wa mstari ili kumsukuma mwimbaji. Mara ya pili msahau Below na umtafute Dave Myers chini kabisa. Besi yake inatembea hatua kwa hatua, haisimami, na haipigi noti isiyohitajika.

Mara ya tatu tafuta gitaa la Lockwood, na hapa subira inahitajika. Hapigi solo ndefu za kupanda juu na kulia. Anapiga kwa vidole, dole gumba likishika nyuzi za chini na vidole vingine vikijibu juu, na kodi zake hazikai mahali ulipozoea. Pale ambapo mpigaji wa kawaida angeshikilia kodi moja baa nzima, yeye anapita kwenye mbili tatu za katikati, kama mtu anayeshuka ngazi huku wengine wanaruka. Akiimba, gitaa linanyamaza au linanong'ona. Akinyamaza, linamalizia sentensi yake.

Hapo ndipo ninapoona jambo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Mtu huyu alipopewa uongozi kwa mara ya kwanza, aliongoza kwa namna alivyokuwa akiwaitikia wengine. Alijiitikia mwenyewe. Kazi aliyowafanyia Walter na Sonny Boy kwenye mianya ya nyimbo zao, sasa anaifanya kwenye mianya ya sauti yake, kwa adabu ile ile.

Ukitaka kumsikia bila maneno, nenda kwenye "Lockwood's Boogie" na "Steady Groove". Hazina mwimbaji, na bendi yote inajiachia.

10. Nyimbo hizi ni za Robert Johnson?

Baadhi tu. Jina la albamu linatoka kwenye wimbo wa Johnson wa mwaka 1937, na zimo "Ramblin' on My Mind" na "Kind Hearted Woman", pia za Johnson. Msikilizaji akisoma orodha tu atadhani ni albamu ya kumbukumbu. Akisikiliza atagundua nyimbo hizo zimepewa miguu mingine. Johnson alikuwa mtu mmoja na gitaa moja, akifanya haraka na kubadili mwendo apendavyo. Lockwood anaziweka juu ya mdundo wa Below na zinatulia, kama nyumba ya udongo iliyojengewa msingi wa zege.

Nyingine si za Johnson kabisa. "Mean Red Spider" ilikuwa ikiimbwa Chicago tangu miaka ya 1940. "Take a Walk with Me" ni ya Lockwood mwenyewe, na ina historia yake (swali la 14).

11. Gitaa lake la nyuzi 12 liko wapi?

Halimo. Picha nyingi za uzeeni zinamwonesha na gitaa la umeme la nyuzi 12, la buluu, lililotengenezwa na mafundi wa Japani. Hilo lilikuja miaka kadhaa baada ya albamu hii. Hapa anapiga gitaa la nyuzi sita. Ukimsikia mtu akisifu mlio wa nyuzi 12 kwenye "Steady Rollin' Man", anachanganya na santuri za baadaye.

12. Mbona wengine wanasema imepoa mno?

Kwa sababu imetulia kweli. Mwaka 1970 wasikilizaji wengi wa bluzi walikuwa wamezoea gitaa linalopiga kelele, solo za dakika tano, spika zinazopasuka. Ukitoka huko ukaingia hapa, utadhani watu wamekaa sebuleni.

Sauti ya Lockwood nayo si ya kutisha. Haina ngurumo ya Howlin' Wolf wala mamlaka ya Muddy Waters, wale waimbaji wakubwa wa bluzi wa Chicago. Anaimba wastani, kwa usafi, kama anayezungumza na mtu aliye karibu. Nakubali kwamba nyimbo mbili tatu zingefaidika na moto zaidi, na mwendo wa albamu haubadiliki sana kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kutikiswa aende kwingine.

Lakini sikubali neno "imepoa" likitumika kumaanisha haina uhai. Kwenye wimbo unaoipa albamu jina lake, sikiliza gitaa mbili zinavyopishana bila kugongana hata mara moja. Ukimya kama huo hupatikana kwa watu waliokesha jukwaani maelfu ya usiku.

13. Delmark ni kampuni ya namna gani?

Ni kampuni ndogo huru iliyoanzishwa na Bob Koester huko St. Louis mwaka 1953, ikahamia Chicago mwaka 1958. Koester alikuwa pia na duka la santuri, Jazz Record Mart, na aliyeingia kununua alijikuta anapewa somo. Mwaka 1965 alirekodi "Hoodoo Man Blues" ya Junior Wells, akiiacha bendi ipige kama inavyopiga baa usiku, bila kuibana ndani ya dakika tatu za redio.

Huo ndio mtindo alioutumia pia kwa Lockwood. Chess walitafuta wimbo mmoja utakaouzwa. Koester alitafuta albamu itakayosikilizwa, hata kama wanunuzi ni wachache. Alifariki Mei 2021, kampuni ikiwa imeshauzwa mwaka 2018 kwa wanamuziki wawili wa Chicago, na inaendelea.

## Ya wabishi na ya pembeni

14. Tunasema ni ya kwanza, lakini si alirekodi mwaka 1941?

Alirekodi. Julai 1941 kampuni ya Bluebird ilimrekodi nyimbo nne kwa jina lake mwenyewe, zikatoka kwenye santuri mbili. Miongoni mwake ni "Little Boy Blue" na "Take a Little Walk with Me". Miaka ya 1950 zikafuata santuri ndogo chache. Na mwaka 1960 aliingia studio New York na Otis Spann kwa ajili ya kampuni ya Candid, piano na gitaa tu, na baadhi ya nyimbo akaimba Lockwood. Albamu ile ilitoka kwa jina la Spann.

Kwa hiyo, kama swali ni "alisikika lini kwanza kwa jina lake?", jibu ni 1941. Kama ni "lini alipewa albamu nzima na bendi aiongoze yeye?", jibu ni 1970. Katikati kuna miaka 29.

Jaribu hili: piga "Take a Little Walk with Me" ya 1941, kisha "Take a Walk with Me" ya albamu hii. Ni wimbo ule ule. Katika ya kwanza unamsikia kijana wa miaka 26 ambaye Johnson bado yuko kwenye vidole vyake. Katika ya pili unamsikia mtu ambaye katikati alipita Helena, Memphis na Chicago, akachukua kitu kila mahali.

15. Na ile hadithi ya Johnson kuuza roho kwa shetani njia panda?

Haihusiani na albamu hii, na ni vizuri uiache mlangoni. Hadithi ya namna hiyo ilisimuliwa kwanza kuhusu mwanabluzi mwingine, Tommy Johnson, na aliyeisimulia ni kaka yake LeDell. Ikaja kumwangukia Robert kwa kufanana jina la ukoo. Lockwood alijifunza kutoka kwa mtu yule yule, nyumbani kwa mama yake, kwa kukaa na kurudia. Hilo linatosha kueleza mengi.

16. Ina uhusiano wowote na muziki wetu wa gitaa?

Wa moja kwa moja, hapana, na sitautengeneza. Ila masikio yako ya hapa yatakusaidia. Ukishamsikia Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa mwaka 1952, unajua gitaa moja linavyoweza kuwa besi na solo kwa wakati mmoja kwa kazi ya dole gumba. Kwa Lockwood utalitambua jambo hilo mara moja, ingawa lugha yao ya muziki ni tofauti.

Na anayejua muziki wa dansi anajua pia safari ya mpiga gitaa kuwa na bendi yake. Mbaraka Mwinshehe alikuwa kwenye solo la Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Yeye hakungoja mpaka miaka 55.

17. Je, wako wapiga gitaa wengine wa bluzi waliochelewa hivi?

Wengi, na sababu hufanana (swali la 7). Eddie Taylor, mkono wa kulia wa mwimbaji Jimmy Reed, alipata albamu yake "I Feel So Bad" mwaka 1972. Matt Murphy, aliyezaliwa 1929 na kuwapigia Memphis Slim na wengine, alitoa "Way Down South" mwaka 1990. Jody Williams, ambaye gitaa lake liko kwenye santuri za Chicago za miaka ya 1950, alisubiri hadi 2002 kwa "Return of a Legend". Ukizisikiliza pamoja na hii ya Lockwood utaona jamaa hawa wote wana heshima moja kwa mwimbaji, hata wanapoimba wenyewe.

18. Baada ya albamu hii alifanya nini?

Alifanya kazi kuliko alivyokuwa amefanya kwa jina lake maisha yote ya awali. Mwaka 1974 alikwenda Japani na The Aces, na maonyesho hayo yakarekodiwa. Kampuni ya Trix ilitoa "Contrasts" na "Does 12" katika miaka hiyo ya 1970. Mwaka 1980 alitoa "Hangin' On" na Johnny Shines, rafiki mwingine wa Robert Johnson. Mwaka 1982 alirekodi "Plays Robert and Robert", yeye peke yake na nyuzi 12, akichanganya nyimbo za Johnson na zake, na jina la albamu linasema wazi anawaona Robert wawili.

Mwaka 1989 aliingizwa kwenye jumba la heshima la bluzi, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikampa tuzo yake ya juu ya sanaa za jadi. Cleveland walimpa mtaa. Hadi akiwa na miaka zaidi ya 90 alikuwa akipiga kila Jumatano kwenye ukumbi mmoja katikati ya mji huo. Tuzo ya Grammy aliipata mwaka 2008, akiwa ameshazikwa, kwa rekodi ya jukwaani aliyoshirikiana na Honeyboy Edwards, Henry Townsend na Pinetop Perkins.

19. Nina nafasi ya kusikiliza wimbo mmoja tu leo. Upi?

"Take a Walk with Me". Na ukipata dakika nyingine tatu, uwe ule wa 1941 (swali la 14).